Pembeni mwa Ukurasa wa Bi. Zuleha

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika maktaba ya Chuo cha Lukwangule, Bi. Zuleha Kondo anastaafu leo, tarehe 14 Novemba 2025, siku anayotimiza miaka sitini. Ndiyo siku iliyowekwa na sheria, na ndiyo aliyoing'ang'ania mwenyewe. Wapo waliotaka aondoke mapema. Kamati ya sherehe imeniomba hilo nisiliguse, niandike mambo ya furaha tu. Lakini mimi, Mwanvita, nimekaa naye meza moja miaka mingi, na nitaandika nilichokiona.

Bi. Zuleha alizaliwa Kinole, akashuka mjini kuja kuwa karani wa maktaba, akajiendeleza mpaka akawa mkutubi mwandamizi. Anaijua maktaba hii tangu ilipokuwa chumba kimoja chenye bati linalovuja. Masika yakianza, yeye ndiye aliyepanda juu ya kiti kuhamisha vitabu, sisi wengine tukikimbizana kutafuta ndoo. Rafu nzima ya historia imepona kwa mikono yake.

Alikuwa na sheria moja iliyojulikana hadi Mzumbe: usiandike kwenye kitabu, hata kwa penseli. Mwanafunzi aliyepigia sentensi mstari alikabidhiwa ufutio na kiti, na hakuinuka mpaka ukurasa urudi ulivyokuwa. Mhadhiri mmoja, ambaye sasa ni mkubwa na hapa simtaji, naye alikaa kwenye kiti hicho. Alifuta.

Ambacho hatukukijua ni kwamba miaka yote hiyo Bi. Zuleha mwenyewe alikuwa akiwashwa na mkono. Ni mtu mbishi. Alisoma kila kilichoingia maktaba, akakasirishwa na nusu yake, na hakuwa na pa kujibu. Ndipo binti yake, Yasmin, alipomnunulia kifaa cha kusomea vitabu, kile chenye skrini ya kijivu isiyoumiza macho, na kalamu yake ya kuandikia pembeni mwa ukurasa. Sisi tulikiita kibao. Siku ya kwanza aliandika neno moja, akalitazama, akaangaza macho huku na huku utadhani ameiba. Halafu akaandika la pili, na kuanzia hapo hakushikika.

Kitabu cha kilimo cha karafuu kilipata jibu lake: "Huyu hajafika Kinole." Kwenye riwaya ya mapenzi alimwandikia mhusika mkuu: "Muache, dada, hana lolote." Vitabu vya uongozi vilijaa "Nani kasema?" kuanzia utangulizi. Mwisho wa wiki alipanda nacho mlimani kwao Kinole, ambako umeme ukikatika umekatika kweli, na kibao kilikuwa bado kina chaji wakati simu zetu zimezima. Maandishi yale yalikuwa yake peke yake. Mimi niliyaona kwa sababu nachungulia, naye alijua kwamba nachungulia.

Kisha, mwaka juzi, ukaja waraka. Ulisema ukumbi wa kusomea ufungwe ugeuzwe ofisi, kwa kuwa wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Bi. Zuleha aliuingiza kwenye kibao kama kitabu kingine chochote, akaujibu mstari kwa mstari. Alipokwenda kuswali adhuhuri, mtu alipita mezani, akakikuta kiko wazi, akasoma asichoandikiwa. Kesho yake Bi. Zuleha aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Akaambiwa afute yote, la sivyo aandike barua ya kustaafu kwa hiari. Nyumba yake ya Kilakala ilikuwa bado haijaezekwa.

Alijibu kwa upole, na wote waliokuwamo wanakumbuka. "Kibao changu, mkono wangu. Vitabu vya chuo sijaviwekea hata nukta. Sifuti." Mwenyekiti akamshauri aende akafikirie. Akasema ameshafikiria. Abdulmajid, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akauliza ni kanuni ipi inayomkataza mtu kubishana na karatasi iliyo ndani ya mkoba wake.

Waliitafuta kanuni hiyo. Najua, kwa sababu kitabu cha kanuni za utumishi walikuja kukiazima kwetu, na Bi. Zuleha ndiye aliyewaandikia kadi. Walikirudisha kimechelewa, akawatoza faini kama mtu mwingine yeyote. Barua ya adhabu haikuja. Ukumbi nao haukufungwa, na anayeamini kwamba wanafunzi hawasomi aje leo jioni atafute kiti kitupu.

Bado nina hasira, sitaficha. Mwanamke aliyelinda kila ukurasa wa chuo hiki alitakiwa kufuta mawazo yake ili alipwe mshahara wake. Hakulia wala hakumpigia mtu magoti. Alirudi mezani, akawasha kibao, akaendelea pale alipoishia, na kazini akafika kila siku mpaka leo, tarehe yake.

Bi. Zuleha, asante kwa bati lile, kwa kiti kile, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kukataa bila kupaza sauti. Nenda Kinole ukapumzike, au usipumzike, maana tunakujua. Mungu akupe afya, macho yasiyochoka, na wajukuu wasioigusa kalamu yako. Wasifu huu tumekutumia kwenye kibao, na huu wa kuchapwa tumeuachia nafasi pana pembeni. Karatasi hii si mali ya maktaba, kwa hiyo nilipokosea, andika.

Nimeambiwa aya zinazohusu waraka ziondolewe kabla ya kuchapwa. Sifuti.