Maji Ambayo Mpimaji Hakuyapima

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mlioshinda nasi hapa tangu siku ya msiba, familia imeniteua mimi, kaka yake mkubwa, niwasomee maisha ya dada yetu. Sehemu kubwa ya maneno haya alinitamkia mwenyewe mwezi wa nane, akiwa amelala ubavu na mimi nikiandika kwenye daftari, na nilipomwambia kwamba mengine hayasomwi mbele za watu alinijibu, “Usipoyasoma hayo, kaka, basi usisome kabisa.” Kwa hiyo naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1966, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba yetu, aliyekuwa fundi wa nyaya za simu, na mama yetu, aliyekuwa mpishi wa shule. Tangu mdogo alikuwa mtu wa vipimo, akigombana na mama kuhusu chumvi ya chungu kizima, akitaka ipimwe kwa kijiko alichokuwa amekitia alama kwa msumari, na mama akimwambia, “Wewe mtoto utaolewa na mizani.” Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha matofali kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari hadi 1985, kisha akajiunga na chuo cha mafundi wa maabara alikohitimu mwaka 1988. Akiwa chuoni, tarehe 2 Julai 1986, alizaliwa Kitindamimba wetu, mtoto wa kike, wakati ambapo hakuna aliyetarajia mtoto mwingine nyumbani kwetu, na kila likizo marehemu ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea, akamfundisha kusoma, hata watu wakadhani ni mwanawe.

Tarehe 3 Januari 1989 aliajiriwa katika maabara ya idara ya maji, akafanya kazi humo miaka thelathini na miwili, na kuanzia mwaka 1999 alikuwa msimamizi wake. Kazini walimwita Mpimaji, maana hakuna chupa iliyotoka mezani kwake kabla hajaipima mara mbili, na mkubwa wake alipomhimiza aharakishe alikuwa akisema, “Mkinywa mtaugua ninyi, nitakayeulizwa ni mimi.” Tarehe 17 Oktoba 1992 alifunga ndoa na mpima ardhi aliyekutana naye kwenye mradi wa bomba jipya, na siku ya harusi watani walisema kwamba yule apime nchi kavu na huyu apime majimaji, nyumba haitakosa mipaka. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1994, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1997, ambaye ni fundi wa majokofu.

Mwaka 2003 mkuu wa maabara aliyekuwa akistaafu alimwachia tangi dogo la kioo, la lita sitini, lisilo na mfuniko, pamoja na taa ya kuning'iniza juu yake. Marehemu aliliweka sebuleni, akapanga ndani yake mawe ya matumbawe, akachanganya maji kwa chumvi ya bahari ya pakiti, akasubiri wiki sita nzima akiyapima tu, bila samaki hata mmoja, mpaka mumewe akauliza kama wanafuga mawe. Ndipo akaleta samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na baada ya mwaka akaleta anemoni, kiumbe laini anayejishikiza juu ya jiwe kama ua, mwenye vidole tele vinavyomuuma kila anayevigusa isipokuwa samaki wale wawili, waliokuwa wakijisugua humo na kulala humo. Shemeji yetu alimpa anemoni jina la Mama Mkwe, kwa kuwa anawakumbatia wanawe na wengine anawachoma, na mama mzazi wa shemeji, mkwe wa marehemu, alipolisikia jina hilo alihamisha kiti chake akakaa karibu na tangi, akasema angalau kuna mmoja humu ndani anayemwelewa.

Tangi lililo wazi halitaki uvivu. Maji hupungua kila siku kwa kukauka, chumvi ikabaki na kuwa kali, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai marehemu aliongeza maji yaliyochujwa, akapima, akaandika kipimo kwenye kalenda, akamlisha anemoni kipande cha kamba wa baharini kwa kibano. Samaki mmoja aliwahi kuruka nje, akaokotwa chini ya kochi akiwa angali anapumua, na siku hiyo dada yetu alichelewa kazini kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwaka 2007 samaki wale walitaga, na alitupigia simu sote, ndugu kwa ndugu, kama mtu aliyepata mjukuu.

Mwaka uliofuata Kitindamimba alikuwa akiishi naye, kwa kuwa chuo cha uuguzi alichokuwa akisoma kilikuwa mitaa miwili kutoka hapo, na alikuwa mwaka wa pili, akiwa amebakiza wiki tatu afanye mtihani. Tarehe 7 Juni 2008, mchana, shemeji akiwa safarini na watoto wakiwa kwa bibi yao, marehemu alikuwa akisafisha pampu ya tangi, gari la idara likaja kumchukua mbio kwa kuwa bomba kuu lilikuwa limepasuka, akavaa koti lake la mvua akaondoka, na hakurudi mpaka siku ya pili alasiri. Alimkuta Kitindamimba amekaa mlangoni akimngoja. Ndani, maji ya tangi yalikuwa meupe kama maziwa, samaki wote wawili wamekufa, Mama Mkwe hayupo juu ya jiwe lake, na mezani kulikuwa na kopo la dawa ya mende.

Maneno yaliyosemwa pale marehemu alinitaka niyaandike kama yalivyokuwa, nami nayasoma.

“Ulipuliza nini humu?”

“Humu sikupuliza, dada. Nilipuliza jikoni, chini ya sinki, na kabla sijafungua kopo nililifunika tangi kwa shuka lenye maji na nikafunga mlango.”

“Na haya ni nini? Wamejiua?”

“Sijui. Asubuhi nimeamka nimekuta hivi. Pima maji, dada. Si ndiyo kazi yako? Jaza chupa upeleke maabara, ikionekana dawa nitaondoka mwenyewe.”

“Samaki wangu wamekufa, nipime nini tena?”

Akachukua ndoo, akayachota yale maji yote na kuyamwaga mtaroni, ndoo baada ya ndoo, na Kitindamimba akimfuata nyuma akisema, “Bakiza kidogo tu, dada, bakiza kikombe kimoja,” na hakubakiza. Marehemu aliniambia kwamba kwenye ndoo ya pili aliona vipande laini vikielea, kama kitambaa kilichochanwa, na mtu wa kazi yake alipaswa kusimama hapo hapo aviangalie, lakini alikuwa na hasira na hasira ilikuwa tamu, akamwaga.

Jioni ile Kitindamimba alifungasha virago. Hakuwa na mahali pengine karibu na chuo, akarudi kwa mama, mwendo wa nusu siku kwa basi, na mtihani ule hakuufanya. Kwa miaka kumi na mitano dada hawa wawili hawakukaa wakazungumza, wakikutana kwenye harusi na misiba walisalimiana kwa kupungiana mkono. Na sisi wengine, badala ya kuwapatanisha, tuligeuza jambo lile kuwa kichekesho. Tulimwita Kitindamimba jina la Dawa. Akiingia mahali tulisema funikeni vikombe, na mwenyewe alicheka nasi mara mbili tatu, halafu akaacha kucheka, halafu akaacha kuja. Jina hilo nililitunga mimi ninayesoma, kwenye harusi ya binamu yetu, na nilipigiwa makofi.

Mwezi wa tatu mwaka 2016 marehemu alikuwa akitoa nguo kuukuu stoo ili azigawe, akalikuta lile koti la mvua la zamani nyuma ya mlango, akaingiza mkono mfukoni kama afanyavyo mtu kabla ya kutoa nguo, akagusa kitu kigumu kilichokauka. Kilikuwa kifuniko cha sponji kinachozuia mdomo wa pampu, alichokuwa amekitoa kukiosha siku ile ya bomba, na ule uzi wa buluu aliokifungia kwa mkono wake ulikuwa bado upo. Alikaa juu ya gunia la nguo. Anemoni huwa wanahama, hujibandua jiweni wakatembea polepole wakitafuta mahali pazuri zaidi, na yule wake alitembea akafika kwenye pampu iliyoachwa ikizunguka bila kifuniko, akavutwa ndani, akakatwakatwa, na sumu yake ikamwagika na kuua kila kitu ndani ya lita sitini. Alilijua hilo papo hapo, aliniambia, kama mtu anayesoma maandishi yake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Alisema alijipa wiki moja ajipange, wiki ikawa mwezi, na kila siku iliyopita ilimwongezea la kueleza, kwa sababu sasa haikuwa tena kosa la siku ile tu, bali na la kunyamaza. Aliandika barua tatu akazichana. Shemeji alimwona anakonda akamuuliza, akajibiwa ni kazi. Mwezi wa tisa mwaka 2018 alipanda basi hadi mji anakoishi Kitindamimba, ambaye alikuwa amejifunza ushonaji na kufungua kibanda cha kushona sare za shule, akasimama ng'ambo ya barabara muda mrefu, kisha akaingia. Kitindamimba alikuwa ameinamia cherehani, akasema, “Karibu mteja,” halafu akainua macho.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Nimekuja… nataka mapazia ya sebuleni.”

Kitindamimba alimtazama, akachukua futi kamba na daftari, akauliza urefu, akauliza upana, akaandika, kisha akauliza, “Ni mapazia tu, dada?”

“Mapazia tu.”

Mapazia yalikuja kwa basi baada ya wiki mbili, yameshonwa vizuri sana, na marehemu hakuwahi kuyatundika.

Mwezi wa kumi mwaka 2022 alianza kuvimba tumbo, akapimwa, akagundulika kuwa na saratani ya ovari, akafanyiwa upasuaji tarehe 16 Januari 2023 na kuendelea na matibabu hadi mwezi wa saba, ambapo madaktari walituita na kutueleza kwamba sasa ni kumtunza nyumbani. Ndipo aliponiita na daftari. Tarehe 20 Agosti nilimleta Kitindamimba, na kesho yake asubuhi marehemu alimweleza yote, mimi nikiwa nimekaa hapo, maana alitaka shahidi.

Kitindamimba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. “Ulijua mwaka gani?”

“Elfu mbili na kumi na sita.”

“Mwaka huo nilirudi chuoni kuomba nafasi. Waliniambia nafasi za mwisho kwa umri wangu ni muhula ule, nilete barua ya mtu aliyekuwa akinilea nilipokuwa chuoni, kueleza kwa nini niliacha masomo. Sikujua nimwombe nani.”

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alitoka nje, akakaa uani kama saa nzima, nami nikadhani atadai nimrudishe kwake, lakini alirudi ndani amekunja mikono ya gauni, akasema shuka za mgonjwa zimelowa, tumsaidie kumgeuza. Alibaki siku kumi na tatu. Alimwogesha, alimlisha kwa kijiko, alimpa dawa kwa saa zake, na muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia aliniuliza huyu dada alisomea hospitali gani. Marehemu alimuuliza, “Umenisamehe?” akamwambia, “Geuka huku nikupake mafuta mgongoni.” Siku ya kumi akamuuliza tena, akajibu, “Hilo nitakujibu nikiwa tayari, dada, usinikimbize.” Marehemu akasema, “Sawa, mama,” kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mtoto, na hakuuliza tena.

Tarehe 2 Septemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Kitindamimba akiwa nje anaanika shuka, dada yetu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Nilimwita, akaja na vibanio vya nguo mkononi, akasimama mlangoni. Akasema, “Nilikuwa bado nafikiri.”

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na sisi ndugu zake wawili. Agizo lake lilikuwa kwamba jambo hili lisomwe mbele ya watu wale wale waliolicheka, na wengi wenu mpo hapa. Mdogo wetu hakuua kitu. Alisema kweli siku ya kwanza, akaomba ipimwe. Kwa jina nililompa namwomba radhi mbele yenu, na nawaomba lisitamkwe tena mahali popote.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hadi mwisho, majirani ambao hawakutuacha tupike wala tufue peke yetu, na wenzake wa maabara ya maji waliokuja kila Ijumaa kumsomea vipimo vya wiki kwa sababu alivitaka. Tunamshukuru shemeji yetu kwa subira yake. Kitindamimba aliulizwa kama angependa kusema neno, akasema apewe muda, nasi tumekubali apewe muda wote anaoutaka.

Dada yetu, kazi imeisha, pumzika.