Sauti Yangu Mwanzoni mwa Wimbo Wao

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, kuanzia milima ya Lemera mpaka huku ziwani!

Siku ile ilinipasa kusema hapana. Kwaya ya Lemera ilikuwa imeshuka kuimba kanisani kwetu Nyamianda. Kiongozi wao, Nabintu, ni mdogo wa mke wangu Feza, na aliniomba mapema tusirekodi. Nyimbo zilikuwa mpya. Walikuwa wameuza mbuzi wao ili wakaziimbe studio huko Bujumbura, na bado walikuwa hawajaenda. Minye nilikuwa shemasi wa vyombo vya muziki. Watu walipoinua simu zao wakiniangalia, nilishika maikro nikasema: "Rekodini, ndugu zangu. Wimbo wa Mungu hauna mwenyewe."

Walipiga makofi. Nikaona nimehubiri.

Maneno yangu yalibaki mwanzoni mwa rekodi ile, na rekodi ilitembea simu kwa simu. Mara moja, nikiwa nyuma ya pikipiki kule Luvungi, nilijisikia mwenyewe kwenye simu ya dereva. Nilimgonga bega nikamwambia mtu huyo ni minye. Nilijivuna mpaka nyumbani!

Kwaya walipotoka studio, hakuna aliyenunua nyimbo zao. Kila mtu alikuwa nazo tayari. Waimbaji wakamlaumu Nabintu kwamba aliwapeleka kwa shemeji yake kuibiwa. Kwaya ikavunjika, naye akaacha kuimba. Feza alinisihi niende kuomba radhi. Nikamjibu kwamba Injili haiuzwi.

"Baba Amani," akasema, "na mihogo yako ni Mungu anaiotesha. Mbona umeizungushia ua?"

Bado sikwenda.

Kisha Feza akaugua. Alipoona hatapona, aliniomba jambo moja: siku ya kumzika, Nabintu amwimbie. Nilimwahidi.

Nabintu alikuja. Alisimama karibu na kaburi, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Tukangoja. Hapo mmoja wa kanisa letu, kwa nia njema, akaunganisha simu yake na bafle la kupaza sauti ili wimbo usikosekane. Kabla ya wimbo kuanza, nilisikia: "Rekodini, ndugu zangu." Kaburini kwa mke wangu! Watu wakanigeukia. Nabintu akajifunika uso kwa kitenge.

Ndugu zangu, Yesu alinishika pale pale. Nilikuwa nimetoa sadaka mali ya mwenzangu, nikajiita mkarimu! Kwa miaka yote hiyo shetani alinifunga kwa maneno yenye harufu ya kanisa, nami nilidhani niko huru.

Baada ya matanga nilipanda Lemera, mahali pengine kwa miguu, na uzee huu. Waimbaji wa zamani walikusanyika kunisikiliza, wengine wamekunja uso. Sikutaja Injili. Nilisema tu kwamba niliwaibia, na kwamba nilijua ninachofanya kwa sababu nilikuwa nimeombwa nisifanye.

Nabintu alinitazama sana. "Shemeji, umechelewa," akasema. "Lakini weye usirudi bure. Ukae. Kwaya tukiisimamisha tena, besi iko na watu wachache."

Wakacheka, na minye nikalia kama mtoto. Siku ile mzigo ulitoka.

Leo niko besi wa kwaya ile, mzee kuliko wote, na najivuna katika Bwana! Tumesimama tena. Nyamianda mtu akiniomba nimrushie wimbo wetu, namwambia una wenyewe, twende tuwaulize. Hata mwenye kibanda cha kujaza nyimbo kwenye simu siku hizi anatupigia kwanza. Nani amefanya haya? Si mzee huyu mwenye kichwa kigumu. Ni Yesu!

Ndugu yangu, kama simu yako imebeba jasho la mtu ambaye hukumwomba, usijifiche nyuma ya neno la Mungu kama nilivyojificha. Umtegemee Yesu, umwendee mwenye wimbo. Mlima ule unapandika. Minye nimeupanda.

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Nyamianda, Nabintu aliimba wimbo ule wa kaburini kwa sauti yake yote, bila mtu kusema lolote kabla haujaanza. Nilimshukuru Mungu, kisha macho yangu yakaenda mahali Feza alipozoea kukaa. Kabla ya kufa mke wangu aliniomba jambo moja tu, na sikuweza kumpa, kwa sababu sauti ile nilikuwa nimekwisha kuigawa.