Lifti Isiyosimama Ghorofa ya Tano

Chini ya jengo la tatu, kati ya majengo saba yanayofanana kama sare za shule, lipo benchi la zege ambalo watu hulikalia kila alasiri kunywa kahawa. Mwashi hakosi hapo. Ujanani alibeba karai la zege kwenye ujenzi wa majengo hayohayo, na yalipokwisha akaandikisha jina, akapewa nyumba ghorofa ya tano. Siku ile alishuka na jambo la kuwaambia wenzake, na alikuwa ameshafika kikombe cha pili bila kulitamka.

Walikuwa wanabishana kuhusu lifti. Lifti ya jengo hilo husimama chini, ya nne na ya saba, basi. Wa katikati amalizie kwa miguu. Mhandisi, fundi baiskeli aliyejipa jina hilo mwenyewe, alishikilia kwamba waliojenga walitaka kubana umeme. Muuza kahawa akasema wapi, mchora ramani alitaka wezi wachoke njiani. Dada Sindano, mshonaji anayekaa peke yake ghorofa ya nne, akawaambia wote hawajui kitu: mchora ramani aliachwa na mwanamke aliyeahidiwa nyumba ghorofa ya tano, ndipo akaapa huyo mama atapanda ngazi mpaka azeeke.

— Mwashi, wewe ulikuwepo. Tuambie, akasema Mhandisi.

Mwashi alimkumbuka mchora ramani yule, mtu mwembamba, viatu vimeganda saruji, akimweleza msimamizi kwamba lifti ikimfikisha kila mtu mlangoni kwake, jirani hatamjua jirani. Wakutane ngazini. Vibarua walimcheka. Lakini ni kwenye ngazi hizo mke wa Mwashi alipofahamiana na jengo zima: anatua ndoo, anamuulizia mgonjwa wa mwenzake, anaazima pasi, anarudisha pasi. Sasa magoti yake yamegoma. Toka kwake mpaka mlango wa lifti ni vidato kumi na nane tu, na mwaka mzima hajavishuka.

— Alitaka tujuane, Mwashi akasema.

Wakaona anawatania, wakaendelea na ubishi wao.

Hapo akaja mwanamke kijana, mjamzito wa miezi saba hivi, kipande cha karatasi mkononi. Akawaamkia, wakaitikia.

— Samahani wazee wangu. Ile nyumba ya ghorofa ya tano, inayohamwa Jumamosi, iko upande gani? Nataka kuiona kabla sijaiomba.

Mhandisi akamwambia kwa upole kwamba amepotezwa, jengo hili hakuna anayehama. Muuza kahawa akaanza kuwataja wa ghorofa ya tano: mwalimu, yule mama wa mapacha, na Mwashi. Akaishia hapo, akamgeukia. Wenzake nao wakageuka.

— Ni kwangu, Mwashi akasema, macho kwenye kikombe.

Akawaeleza yote. Binti yao amewapatia vyumba viwili vya chini, ng'ambo ya mji, ili mama yake aweze kutoka nje kuota jua. Ofisi ya nyumba imeshapewa taarifa. Wiki tatu sasa anakuja pale kuwaambia, na kila siku anarudi nalo juu.

— Ungetuaga lini, kaka? Dada Sindano akauliza. Ukiwa juu ya lori?

Dada Sindano akakunja pindo la kanga yake, akasema taratibu:

— Nyumba yangu na yako ni ramani moja. Kabati lenu litakaa palepale, swichi iko mkono uleule. Mimi magoti bado ninayo. Mwambie wifi ashuke ghorofa moja tu, mimi nipande.

Mwashi akamwambia hilo ni jambo zito, amekaa mle miaka ishirini. Dada Sindano akasema ndiyo maana amechoka kutazama ukuta wa jengo la pili. Twende ofisini kesho asubuhi, akasema, kabla hawajaandika jina la mwingine. Mwashi akavua miwani akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta ilhali ilikuwa safi kitambo.

Yule mwanamke kijana alikuwa bado amesimama.

— Na mimi je? akauliza. Hakuuliza kwa hasira.

Muuza kahawa akainamisha birika, yakatoka machicha. Mwashi akasogea, akampisha yule mwanamke akae. Mhandisi ndiye aliyegeuka akainua uso kulitazama jengo, akaanza kumtafutia mahali kutoka chini, mlango kwa mlango: huyu watoto wake wameoa, ana chumba kitupu; huyu siku hizi analala kwa dada yake; huyu hapana, ana mdomo. Wenzake wakawa wanamsahihisha.

Walikuwa wamefika ghorofa ya sita pale mke wa Mwashi alipochungulia dirishani na kuwauliza wanahesabu nini. Mwashi akamwambia asubiri, anakuja kumweleza. Akaenda kwenye ngazi.