Lyman Ostrander na Mchezo Uliokataa Kufa

Marehemu Lyman Ostrander alizaliwa tarehe 3 Februari 1899 mjini Utica, New York, mtoto wa kwanza wa fundi saa. Mimi Cornelia ni dada yake pekee, na sikumbuki kumwona akimaliza chakula akiwa amekaa.

Alisoma hapo Utica hadi 1915, alipoacha shule na kufuata kundi la waigizaji waliokuwa wakipita. Baba alinuna mwaka mzima. Mwaka 1926, mjini Albany, alimwoa mwigizaji mwenzake, Opal Teague. Hawakujaliwa mtoto.

Oktoba 1941 wote wawili waliingia katika mchezo wa kuchekesha jijini New York: yeye hakimu anayejificha jikoni kwa jirani, Opal mpishi anayemficha. Watu wa Hollywood waliponunua haki ya kuutengenezea filamu, mwenye mchezo alikubali kumwachia mmoja tu kati ya Lyman na Opal akaigize, tena kwa sharti: filamu isionyeshwe popote mpaka mchezo ufungwe jukwaani. Opal akamwambia, "Nenda wewe. Huu haufiki Krismasi."

Lyman aliicheza filamu hiyo kiangazi cha 1942. Kila baada ya mzaha alinyamaza, kwa mazoea ya jukwaani.

"Unangoja nini, mzee?" mwongozaji alimuuliza.

"Wacheke."

"Watacheka ikitoka. Wewe endelea."

Haikutoka, maana mchezo haukufungwa. Lyman alibaki Los Angeles, nami nikahamia kwake. Kazi nyingine hakupata, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwona kwenye filamu. Alizunguka uani hadi nyasi zikaisha. Kila Jumapili alimpigia Opal simu.

"Jana walikuja wangapi?"

"Wamejaa, mume wangu. Wengine wamesimama."

"Pole."

"Pole wewe."

Walicheka wote wawili. Akishaweka simu chini, alipiga kiti teke.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwamuru alale. Alilala kwa vipindi. Opal alikuja mwezi Machi, na alipoona hali yake akamdanganya ili afurahi.

"Viti vitupu, Lyman. Wanafunga mwisho wa mwezi. Utaonekana."

Nilidhani atashangilia. Badala yake aliinuka akaanza kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi wewe?" Opal alimuuliza.

"Kupiga simu. Kila ninayemjua New York akakate tiketi. Na wewe unafanya nini hapa? Rudi ukawachekeshe."

Opal alilia, akamwambia ukweli. Lyman akamwapisha Opal kwamba yeye Opal atarudi jukwaani, ndipo akakubali kulala.

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 19 Aprili 1944, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, Opal, na mimi dada yake, na filamu ambayo hakuwahi kuiona. Opal anapanda treni ya kurudi New York leo jioni akitoka hapa makaburini, maana ukumbi bado unajaa. Kwa hiyo sitamwona tena kaka yangu akitembea, hata kwenye pazia la sinema, mpaka watu wa New York wachoke kucheka. Naomba wasichoke upesi. Lyman wetu apumzike kwa amani.