Yule wa Kaspi

Tangu asubuhi Vjeko alikuwa amefura, na kila kikombe cha kahawa kilimpandisha zaidi. Kijiwe chao, wazee watatu wanaopenda kutazama ndege, ni benchi nyuma ya soko la samaki, bandarini Rijeka, na pale jina lake ni Hapana. Yeye ndiye aliyeweka sheria: ndege hahesabiwi mpaka benchi zima likubali. Kwa sheria hiyo aliwanyima wenzake ndege chungu nzima. Leo imemgeukia mwenyewe. Binti yake Ljerka yuko njiani na gari kuja kumchukua akaishi naye Delnice, huko milimani kwenye theluji na misonobari, ambako shakwe, ndege wa baharini, haonekani. Na leo hii, shakwe wa Kaspi, ambaye Vjeko amemsaka maisha yake yote akamkosa, ametua pale mbele yao katikati ya shakwe wa kila siku wa miguu ya njano. Kilichobaki ni wenzake wawili waseme ndiyo.

— Tazameni mdomo, alisema. Mwembamba, mrefu. Jicho dogo, jeusi. Mnataka na cheti cha kuzaliwa?

Tonka, aliyeuza samaki hapo sokoni mpaka magoti yakakataa, ndiye mwenye chupa ya kahawa. Alishusha darubini yake taratibu.

— Mdomo mnene huo. Kama wa shemeji yangu. Na jicho la njano.

— La njano? Tonka, futa miwani.

— Nimeifuta. Mwaka juzi ulinikatalia ndege wangu kwa sababu ya rangi ya kope. Kope, Vjeko. Nilikaa wiki nzima sisemi na mtu nyumbani.

Vjeko alikumbuka, na hakupenda kukumbuka. Akamgeukia Srećko, wanayemwita Kapteni ingawa maisha yake yote alikata tiketi za feri na baharini hakwenda.

— Kapteni, sema wewe. Miguu ya rangi gani?

— Nimeona mmoja tu. Mwingine kaukunja.

— Huo mmoja basi.

— Umepauka. Lakini hiyo haina maana, mzee mwenzangu.

Akaanza kueleza. Kwa maoni yake, miguu ya shakwe inakuwa ya njano kiangazi kwa sababu ya chipsi za watalii, na watalii wakiondoka inapauka. Tonka akauliza mbona ya wale wengine bado ni ya njano. Kapteni akasema hao wana akiba. Alipobanwa zaidi akasema ndege huyu ni chotara, mama wa Bahari Nyeusi, baba wa hapa hapa, na hata sauti yake anaibadilisha kulingana na anayemsikiliza. Vjeko alishika kichwa. Miaka yote hiyo na watu hawa, na roho yake leo iko mikononi mwao.

— Naomba ndiyo moja, alisema kwa sauti ya chini. Moja moja kila mtu. Naondoka leo.

Tonka alimtazama. Huruma ilimjia, ikaonekana usoni.

— Ningekupa, Vjeko. Wallahi ningekupa. Lakini wewe mwenyewe ulitufundisha tusipeane ndege kwa huruma.

Hapo Ljerka akafika, funguo za gari mkononi, injini ikinguruma nyuma yake. Alimbusu baba yake, akawasalimu wakubwa zake, akauliza kelele za nini. Wakamweleza wote watatu kwa pamoja. Alitazama wale shakwe, waliotapakaa kila mahali.

— Haya, ni yupi?

Vidole vitatu vilinyooka. Cha Vjeko kilielekea kigingi cha gati. Cha Tonka, paa la ghala la barafu. Cha Kapteni, omo ya boti ya buluu.

Tonka aligeuza darubini kwa haraka kuelekea kwenye kigingi, na wakati huo huo sokoni mtu akamwaga ndoo ya matumbo ya samaki. Shakwe wote wakaruka, wakazunguka, wakatua tena juu ya maji, wamechanganyika.

Kapteni akatikisa chupa ya kahawa. Tupu.

Vjeko alikaa chini, akafuta lenzi za darubini kwa ncha ya skafu yake.

— Ljerka, mwanangu, alisema. Zima gari.