Hilda Oldershaw na Mzunguko wa Nne

Mchungaji wetu, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliokuja na makoti mekundu ya timu ingawa tangazo lilisema nguo nyeusi, mimi ni Lorna, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma nisome historia ya mama yetu, ambayo yeye mwenyewe aliisahihisha mara mbili kwa penseli akiwa kitandani, akafuta mahali nilipoandika kwamba alikuwa mpole.

Hilda Mavis Tasker alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 katika Mtaa wa Sluice, hapa hapa Skelmere, akiwa mtoto wa tatu na wa kike pekee wa Mzee Arthur Tasker, fundi wa pampu za mifereji, na Bi Edna, aliyekuwa akifua nguo za watu. Alipokuwa na miaka sita baba yake alimbeba mabegani akampeleka uwanjani kuona timu yetu ya mbio za pikipiki, Korongo, ikishindana, akarudi na udongo mwekundu masikioni na harufu ya mafuta ya nyonyo ya injini nguoni, Bibi Edna akamsugua mara mbili kwa maji ya moto, na Ijumaa iliyofuata mtoto alikuwa mlangoni na viatu vyake mguuni, akiuliza wanangoja nini.

Alisoma shule ya msingi ya Mtaa wa Sluice kuanzia mwaka 1948, kisha shule ya sekondari ya wasichana hadi Julai 1958, ambapo mwalimu wake wa hesabu aliandika kwamba msichana huyu ana akili nzuri, ila anaitumia kujumlisha pointi za pikipiki tu. Mwezi Septemba mwaka ule ule aliajiriwa katika kiwanda cha njegere za makopo, akafanya kazi hapo miaka thelathini na sita bila kukosa siku, isipokuwa Jumamosi chache za asubuhi, ambazo wasimamizi wake walijifunza kutomuuliza.

Lakini kazi aliyoihesabu kuwa kazi yake ilikuwa nyingine. Kwa ajili ya Mchungaji, ambaye ni mgeni wa mambo haya, niseme kwamba katika mbio zetu wanashindana watu wanne, juu ya pikipiki zisizo na breki, wanazunguka mara nne, wakikata kushoto tu, na dakika moja ikiisha mambo yamekwisha, na kila wanapopita magurudumu hurusha ule udongo mwekundu hadi kwenye uzio, kwa hiyo lazima wawepo watu wenye reki wa kuurudisha mahali pake kabla wanne wengine hawajatoka. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kuvuka uzio. Tarehe 6 Mei 1966 mmoja wa watu wa reki aliugua, Mama akavaa ovaroli na kofia ya kaka yake Kenneth, akaingia kona ya nne, akavuta udongo hadi mbio za nane ndipo msimamizi alipomgundua, akamfokea kwamba pale si mahali pa wanawake, atoke mara moja. Mama akamjibu, "Nitatoka nikimaliza kona, bwana, la sivyo waambie vijana wako wapite kwenye mashimo." Hakutoka kwa miaka hamsini na minane.

Ni katika kona hiyo, tarehe 15 Julai 1966, ambapo Derek Oldershaw, mkulima wa viazi aliyekuwa akiiendeshea Korongo kwa msimu wa pili, alianguka miguuni pake, wala si kwa mapenzi, bali kwa sababu kona ilikuwa na maji, na Mama badala ya kumuuliza kama ameumia alimuuliza ni nani atakayeufukia mtaro ule aliouchimba. Baba alisema baadaye kwamba alijua papo hapo, yaani kwamba atamwoa, na kwamba mtaro ataufukia yeye. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 4 Novemba 1967, msimu wa mbio ukiwa umekwisha, na kwa baraka za Mungu walipata watoto wawili, kaka yangu Stephen, aliyezaliwa tarehe 17 Januari 1969, na mimi, tarehe 2 Desemba 1971, sote tukiwa watoto wa baridi kali, wakati hakuna mbio, jambo ambalo Mama aliliita bahati na Bibi Edna aliliita hesabu. Ameacha pia wajukuu watano, na wote wanajua kushika reki.

Sasa nafika mahali ambapo Mama aliniagiza nisome polepole.

Tarehe 13 Septemba 1974, siku ya Ijumaa, Korongo walikuwa nyumbani katika fainali ya kombe, zimebaki mbio moja tu, za kumi na tatu, na Baba alikuwa wa pili, akimkaribia mgeni aliyetangulia, yuko upande wa ndani, kila mtu uwanjani ameshaona kwamba atampita. Mwishoni mwa mzunguko wa tatu mpanda pikipiki wa mwisho akaanguka, taa nyekundu ikawaka, wote wakasimama, na mwamuzi, Bwana Pickersgill, badala ya kuamuru mbio zirudiwe, akatangaza matokeo kama yalivyokuwa wakati ule, hivyo kombe likaondoka kwa pointi moja. Baba alivua kofia yake ya chuma, akampa mgeni mkono, akaenda kunywa chai. Mama alikuwa amesimama na kile kijitabu cha programu ambacho kila shabiki hujaza matokeo kwa mkono wake, mbio baada ya mbio, na mstari wa kumi na tatu hakuujaza. Aliuacha mtupu usiku ule, akauacha mtupu mwaka uliofuata, na kila aliyemwambia, "Hilda, mambo ya zamani hayo, yaache," alijibiwa kwamba mbio ni mizunguko minne, mitatu imeshakwenda, yeye anasubiri.

Bwana Pickersgill, ambaye leo ana miaka themanini na tisa na ameketi safu ya tatu upande wa dirisha, alikutana naye mwaka 1998 kwenye karamu ya wapanda pikipiki wastaafu, akamwendea mwenyewe, ambalo lilikuwa jambo la kiungwana, akasema, "Bi Hilda, kanuni iliniruhusu." Mama akaweka kijiko chini, akamwambia, "Ilikuruhusu, bwana, lakini haikukulazimisha." Kisha akampitishia bakuli la viazi.

Baba aliumia nyonga mwaka 1977, akaacha kushindana, akaendesha trekta la uwanja hadi alipofariki tarehe 2 Mei 2011. Siku ya mazishi yake gari la jeneza lilizungushwa uwanjani mara nne, kama wanavyofanyiwa watu wetu, wenye reki wamesimama kila kona, na Mama akatembea nyuma ya gari mizunguko yote minne kwa viatu vya kisigino. Usiku ule alituambia mimi na Stephen kwamba naye anataka hiyo minne, wala tusimwongezee maua.

Wapo watakaosema kwamba mama yetu aliishi na ya kale tu, na hao nawaomba wamuulize Mzee Cyril Pocklington, aliyesimama upande wa pili wa uzio wa kona ya nne kwa miaka arobaini na mitano, akibishana naye kila Ijumaa. Cyril alikuwa akisema kwamba wanaume walikwisha zamani, kwamba wale wa zamani walishindana Ijumaa huku mfupa umevunjika tangu Jumatano, na hawa wa leo wanaruka kwa ndege kutoka Polandi hadi Uswidi na injini zilizochongwa na mabingwa, uzio wenyewe umejazwa upepo wasije wakaumia. Mama akamsikiliza, akaegemea reki yake, akasema, "Panda basi wewe, Cyril, tukuone kona ya kwanza." Aliwapenda wale wa zamani, na makaburi yao alikuwa akiyapalilia kwa mikono yake, lakini hakukubali watumiwe kuwachapa walio hai. Alisema breki hazikuwepo wakati ule na hazipo sasa, kwa hiyo moyo unaotakiwa ni ule ule, na anayedhani uzio wa upepo ni godoro aulalie kwa kasi ile. Cyril alipolalamika kwamba jukwaa limebaki na wazee watupu, alimwambia, "Wazee watupu kwa sababu ukija na mjukuu wako unamweleza saa nzima kwamba amechelewa kuzaliwa."

Uwanja wetu ulipouzwa kwa kampuni ya kujenga nyumba, tuliambiwa na wengi kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umeshakufa, kwamba tulikuwa tunakesha na maiti, na Mama, akiwa mwenyekiti wa kamati ya kutafuta uwanja mpya, alisimama kwenye mkutano wa mji akasema kwamba amewahi kuona maiti nyingi na hakuna hata moja iliyopiga kelele kiasi kile. Mbio za mwisho zilifanyika tarehe 27 Septemba 2024. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, moyo wake ulikuwa umekwisha kudhoofika, daktari alikuwa amemkataza, naye aliisawazisha kona ya nne hata baada ya mbio za mwisho kabisa, ambapo hapakuwa na mtu wa kupita tena. Nilimuuliza anafanya nini. Akaniambia kona haiachwi na mashimo.

Ugonjwa wa moyo ulikuwa umegunduliwa mwezi Juni 2022, ukamzidia baada ya Krismasi iliyopita, akalazwa mwezi Januari na tena mwezi Februari, kisha akaomba arudi nyumbani, na tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akafariki kitandani pake, mimi na Stephen tukiwepo. Kijitabu cha mwaka 1974 kimo humu ndani ya jeneza, mkononi mwake, na penseli iko nyuma ya sikio. Mstari wa kumi na tatu bado mtupu. Nilimuuliza kama niujaze. Aliniambia nisithubutu.

Kuhusu ile minne yake, Stephen aliiandikia kampuni barua tatu, akajibiwa mara moja, kwamba pale sasa ni eneo la ujenzi na hakuna gari litakaloingia. Basi leo asubuhi, saa tatu, mchana kweupe, mbele ya yeyote aliyetaka kuona, geti la trekta lilikuwa wazi kwa ajili ya mafundi, na dereva wa gari la jeneza akakata kushoto bila kuambiwa na mtu. Majani yameanza kuota kwenye njia, jukwaa halina paa, lakini wenye reki walikuwa wamefika kabla yetu, kila mmoja kwenye kona yake. Tukazunguka mara ya kwanza. Tukazunguka ya pili. Tulipomaliza ya tatu mlinzi wa kampuni alileta gari lake akalisimamisha katikati ya njia, kona ya kwanza, akashuka akiwa ameinua mkono.

Sitamlaumu, yuko kazini. Naungama kwamba mimi nililia kwa hasira, kwa sababu ya idadi ile, mitatu, mitatu tena. Ndipo Bwana Pickersgill akafungua mlango wa gari lake, akatembea na fimbo yake hadi kwa mlinzi, akamwambia, "Mwanangu, mizunguko ni minne."

Mlinzi akasema, "Nimeagizwa, mzee. Kanuni inaniruhusu kuwazuia."

Bwana Pickersgill akasema, "Inakuruhusu. Haikulazimishi." Akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sisi wa gari la kwanza tuliisikia, "Mimi nimechelewa miaka hamsini kulijua hilo, wewe una dakika moja tu."

Mlinzi alivua kofia yake, lakini gari hakulitoa. Tukarudi nyuma kupitia geti lile lile, tukaja hapa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mama yetu wakavumilia kusahihishwa, majirani wa Mtaa wa Sluice walioleta chakula hata vyombo vikatuishia, wenzake wa kiwandani, kamati ya Korongo, ambao msimu huu watashindana kwenye uwanja wa kuazima, lakini watashindana, wanunue wengine ardhi yote ya wilaya hii, na Mzee Cyril, ambaye amekuja na mjukuu wake na ameniahidi kufunga mdomo. Namshukuru yule mlinzi kwa kofia yake. Namshukuru Mchungaji, ambaye tulipomweleza ombi letu la mwisho, nusu saa iliyopita, alisema hakusikia vizuri, nasi tumechukulia kwamba amekubali.

Ombi lenyewe ni hili. Kanisa hili lina njia ya changarawe inayolizunguka lote, nayo si ya kampuni. Wabebaji sita watamchukua Mama, wenye reki wanne watafuata nyuma wakiirudisha changarawe mahali pake, maana njia haiachwi na mashimo, pikipiki mbili ziko getini na zitawashwa badala ya dakika ya ukimya, na mlangoni, mwisho wa njia, atasimama Bwana Pickersgill na bendera ya miraba myeusi na myeupe, ile ya kumaliza mbio, ambayo ameomba mwenyewe kuishika, na hataishusha mpaka Mama amepita.

Utapumzika, Mama, na amani utaipata, ila si sasa hivi, umebaki mmoja. Wabebaji, simameni. Tukitoka mlangoni ni kushoto.