Ndululu wa Kiilu na Maua Yasiyoomba Maji

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama unachambua ndengu, endelea kuchambua. Kama uko dukani, mwambie mteja wako asogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu mmepita mbele ya boma lake. Jina lake pengine hamkulijua. Lakini boma lenyewe mliligeukia, na dereva wenu pia aligeuka.

Jina lake ni Ndululu. Ndululu wa Kiilu, wa Mtito Andei. Alitutoka mwezi uliopita, mwaka huu wa tisini na tisa, akiwa nyumbani kwake, watoto wake wakiwa karibu naye.

Mama huyu alikuwa na maua yaliyochanua kiangazi chote. Nasema tena, kiangazi chote, na si Limuru kwenye ukungu, wala si kwenye nyumba ya mtu mwenye mfereji wa maji. Ni Mtito Andei, wasikilizaji, pale ambapo mwezi wa tisa hata kivuli kinatafuta kivuli.

Ndululu alizaliwa milimani Mbooni. Mnakujua Mbooni. Ukungu unashuka asubuhi, na kijiti ukikichomeka ardhini leo, kesho kimeota. Mwaka wa sitini na nne aliolewa na Kiilu, kijana aliyekuwa akiziba pancha kwenye kituo cha petroli pale Mtito Andei. Bibi harusi alishuka kutoka kwenye basi mwezi wa tisa.

Mwanawe wa kwanza, Mbuvi, alinisimulia tulipokuwa tumekaa nyuma ya jikoni ya mama yake. "Mwaitu, mama yangu, alishuka akaangalia huku, akaangalia kule. Akamwuliza baba, 'Kiilu, rangi zimeenda wapi?' Baba akamwuliza, 'Rangi gani?' Alikuwa haelewi kabisa. Yeye alizaliwa huku."

Wiki za kwanza Ndululu alilia. Chakula kilikuwepo, na mume alikuwa mwema. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba ile ilikuwa njaa ya macho. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi alipokwenda kuwasalimu wazazi wake, alirudi na mashina ya mawaridi kutoka Mbooni, ameyafunga kwa gunia lililoloweshwa. Akayapanda mbele ya nyumba. Kila jioni akayamwagia maji.

Hapo ndipo mama mkwe wake anapoingia katika habari hii. Aliitwa Ndila. Ndila alikuwa mwanamke wa kazi, mjane, na maji ya boma lile ni yeye aliyekuwa akiyaleta. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Maji ulichimba, ukapiga magoti, ukachota kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka jerikeni ijae, kisha ukampakia punda. Siku moja alirudi akamkuta mkaza mwanawe anamimina maji yale chini ya waridi.

Alimwambia hivi: "Wewe msichana wa Mbooni, haya maji nimeyatoa kwa magoti. Nikiona tena maji ya kunywa yakipewa ua, utarudi kwenu, na ua lako utalibeba."

Wasikilizaji wapendwa, msimchukie Ndila. Ndululu mwenyewe hakumchukia. Mpaka anazeeka alikuwa akisema, "Mama alikuwa na haki." Mawaridi yakakauka. Ndululu akayang'oa, akayatia motoni kupikia uji.

Ila kichwani mwake swali liligeuka. Kwanza alikuwa akiuliza, nitapata wapi maji ya maua? Sasa akawa anauliza, ni maua gani hayataniomba maji?

Swali hilo alimpa mumewe aende nalo kazini. Kiilu akawa kila akivua gurudumu la lori anamwuliza dereva, "Bwana, huko unakotoka, jua likiwa kali namna hii, kuna ua lolote limebaki limesimama?" Madereva walimcheka sana. Halafu wakaanza kuleta. Huyu alileta shina kutoka Voi. Yule alileta mbegu kwenye karatasi ya sigara kutoka Mombasa. Mengine hata majina hayakuwa nayo.

Ndululu akayapokea yote, lakini hakuyapenda yote. Kila mmea aliupa maji machafu ya vyombo mpaka ushike mizizi. Ukishashika, basi. Aliuacha, akautazama mwaka mzima. Ukifa, umekufa. Na kulikuwa na ile iliyochanua kwa fujo juma moja, halafu ikalala mpaka mwaka mwingine. Hiyo aliwagawia watu. "Mimi sitaki mgeni wa wiki moja," alisema. "Nataka anayekuja kukaa."

Kati ya mimea ya Mombasa ulikuwepo mmoja, majani membamba kama visu, maua rangi ya waridi, mengi ajabu. Huo haukupumzika. Mwezi wa nane unachanua, wa tisa unachanua, wa kumi unachanua. Ndululu alifikiri amemaliza kazi. Kisha siku moja mbuzi wa Ndila, yule wa maziwa, alikata kamba akala matawi yake. Kufika jioni alikuwa amekufa.

Mbuvi anasema hakuna aliyepaza sauti siku hiyo. Mama yake alichukua jembe, akaung'oa mti ule ukiwa umejaa maua, akauzika shimoni pamoja na mizizi yake. Asubuhi akapanda basi kwenda Mbooni kwa baba yake. Akarudi na mbuzi jike mwenye mimba, akamkabidhi mama mkwe kamba mkononi.

Ndila alimkagua mbuzi meno, akamkagua kiwele. Kisha akasema, "Sasa kabla hujapanda kitu, uulize wachungaji kwanza."

Na Ndululu akaenda kuwauliza wachungaji. Hivyo ndivyo alivyokutana na Ubah.

Ubah ni mke wa mzee Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuja Mtito Andei na familia yake kutoka upande wa Garissa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilimtembelea. Ni mama mzee sasa, na nilipomtajia jina la Ndululu alishika kitambaa chake akafuta macho.

"Alikuja zizini kwetu," Ubah aliniambia. "Akauliza, kwenu ni maua gani yanavumilia jua, na mbuzi anayaacha? Nikamwambia, kwetu kuna mti mfupi, chini mnene kama mtungi. Kiangazi hauna jani hata moja, lakini una maua. Akanishika mkono. Akasema, 'Mama, hauna majani? Na maua unayo?' Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena. Alidhani Kiswahili changu ni kibaya!"

Ahmednur aliuleta mti huo ndani ya lori la mbuzi, umefungwa gunia. Ubah akamwonya kwamba utomvu wake ni sumu, na mbuzi wa kule wanaujua lakini hawa wa hapa ni wageni kwake. Ndululu akauzungushia uzio wa miiba kabla hata hajauchimbia shimo.

Ulikaa. Ukakaa kama jiwe. Majirani wakasema Msomali amemuuzia mama gogo. Halafu ukaja mwezi wa tisa, majani machache uliyokuwa nayo yakaanguka yote, na katika vile vijiti vitupu yakafunguka maua, rangi ya waridi iliyokoza, katikati meupe. Ardhi chini yake imepasuka. Hakuna aliyeumwagilia.

Jumapili hiyo watu walitoka kanisani wakapitia pale. Walisimama nje ya uzio wa miiba, wakichungulia. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia yake. Mkewe akamwuliza, "Umeona jeneza?" Akamjibu, "Nyamaza, mama. Ngoja kwanza."

Miaka ikaenda. Boma la Kiilu likabadilika. Juu ya jikoni ukatambaa mmea wenye maua mengi madogo ya rangi ya waridi. Langoni ikasimama miti ya maua ya njano yenye umbo la kengele. Kuzunguka nyumba Ndululu alipanda mishubiri, ile ambayo Wakamba tunaiita kiluma. Hiyo aliichimba mwenyewe porini, akichagua shina kwa shina lile linalotoa maua mara nyingi zaidi. Mlangoni vikawa vile viua vidogo vyeupe visivyojua kulala.

Na sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike mwaka wa themanini na nne.

Waliokuwepo wanaukumbuka. Ule ukame tuliouita Nikw'a Ngwete, kwamba mtu anakufa huku pesa ameishika mkononi, maana chakula cha kununua hakuna. Ng'ombe walianguka. Punda walianguka. Kwa Kiilu hata maji ya vyombo hayakumwagwa tena, punda ndiye aliyeyanywa. Ndululu aliyaambia maua yake, mbele ya watoto, "Sasa kila mtu na Mungu wake."

Viua vya mlangoni vilikufa wiki za kwanza. Ile mingine ikabaki. Na haikubaki tu imesimama, ilichanua! Mishubiri ikanyoosha mikuki myekundu ya maua. Ule mti wa Ubah ukafunguka. Jikoni ikafunikwa rangi ya waridi. Ukisimama barabarani ukatazama, nchi yote ni kijivu mpaka Tsavo, halafu pale, mahali pamoja tu, rangi. Madereva wa malori walisimamisha magari. Wengine hawakushuka. Walizima injini tu, wakakaa.

Kiilu alikuwa na mizinga ya nyuki aliyoitundika kwenye migunga, na yote ilikuwa imehamwa tangu mwezi wa saba. Hakukuwa na ua la kulisha nyuki mahali popote. Au ndivyo alivyodhani.

Asubuhi moja Ndila aliamka. Alikuwa ajuza sasa, macho yamefungwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga tu. Alitoka nje akishika ukuta, akasimama. Akaita, "Ndululu! Ndululu, toa masufuria!"

"Kuna nini, mwaitu?"

"Husikii? Mvua inakuja!"

Ndululu akasikiliza. Kweli kulikuwa na mvumo, mzito, kama mvua inayotembea juu ya kilima. Akatazama juu, mbingu ni nyeupe, hakuna wingu. Kisha akatazama maua yake.

"Si mvua, mwaitu," akasema. "Ni nyuki."

Nyuki wa nchi nzima, wasikilizaji. Wamekuja kutoka sijui wapi. Kila ua lilikuwa linatikisika. Mbuvi alikuwepo, anasema mkono wake ulisimama vinyweleo, na mpaka leo akisimulia vinasimama. Nami niliviona.

Ndila aliomba kigoda. Akakaa mbali kidogo, akisikiliza. Alikaa mpaka jua likawa kali. Ndipo akasema, "Niliwahi kukuambia utarudi kwenu."

"Uliniambia, mwaitu."

"Ni bora hukunisikia."

Ndululu akamjibu, "Nilikusikia. Ndiyo maana hayanywi."

Ajuza yule alicheka mpaka akakohoa. Mbuvi anasema ndiyo mara ya kwanza alisikia kicheko mwaka ule.

Mvua ilirudi mwezi wa kumi na moja. Nyuki wale hawakwenda mbali. Waliingia mizinga ya Kiilu, mmoja baada ya mwingine, na asali ya kwanza Ndululu aliipeleka nyumba kwa nyumba, kuanzia zizi la Ahmednur. Watu wakaanza kuja kuomba mashina. Hakumnyima mtu. Leo ukitoka Mtito Andei mpaka mji wa Salama, mbele ya hoteli, mbele ya gesti, kwenye ua wa kanisa, utaona kazi ya mikono yake.

Kisha ikaja mvua ya El Niño, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Maua yaliyoshinda jua yalishindwa na maji. Mishubiri ilioza. Ule mti mnene wa Ubah ulilainika kama ndizi mbivu, ukaanguka. Watoto wa Ndululu walikwenda kumfariji, wakidhani watakuta msiba. Wakamkuta amesimama kwenye tope, kanga imefungwa kiunoni, anawaambia, "Sasa tumejua. Tutafute na yale yanayopenda kuoga." Umri wake ulikuwa unakaribia sitini. Akaanza upya, shina moja moja, kwa subira ileile.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mzee Kiilu, kwa Mbuvi na ndugu zake, kwa mama Ubah na wote wa Mtito Andei, tunawapa pole kutoka chumba hiki cha matangazo. Mungu awatie nguvu. Mlikaa na mtu, na sisi tulifaidi kwa macho yetu.

Nasi wengine tujiulize tunachagua nini katika maisha yetu: kile kinachong'aa wiki moja, au kile kitakachokuwepo jua likiwaka? Kila mtu ajijibu akiwa peke yake.

Jambo la mwisho. Mwaka jana Ndululu alikwenda Kitui kumwona dada yake. Alirudi na mche mdogo aliouokota kando ya barabara, akaupanda karibu na dirisha lake. Mbuvi alimwuliza, "Mwaitu, huu ni ua gani?"

Akamwambia, "Sijui. Ndiyo maana nimeupanda."

Niliutazama mche huo siku ile nilipowatembelea. Una majani manne na kitumba kimoja, kimefumba. Nilimwuliza mzee Kiilu anadhani kitatoka rangi gani. Alivuta kiti chake, akakielekeza dirishani, akaniambia niketi nami, tungoje.